Zilizoponea Tanuruni

Januari 2020 mkusanyaji mmoja wa sarafu huko Uingereza alitoa pauni milioni moja kununua sarafu moja ya dhahabu yenye sura ya Edward VIII, mfalme aliyetawala kwa muda usiotimia mwaka. Siku hizohizo, hapa Kampala, senti kumi yenye jina la mfalme yuleyule ungeipata kwenye kopo la bati la muuza vinyago, imechanganyika na vifungo na funguo zisizo na kufuli, kwa bei ya chupa ya soda. Dhahabu iliyomo katika ile sarafu ya London haifiki gramu nane, kwa hiyo si madini yaliyoipandisha hadi milioni. Umri nao hauhusiki: senti yetu ya shaba imeandikwa 1936, ile ya dhahabu 1937.

Siri iko kwenye idadi. Desturi ya Waingereza ni kila mfalme atazame upande ulio kinyume na wa aliyemtangulia. Edward aliupenda zaidi upande wake wa kushoto, akashikilia kwamba picha yake ielekee huko, kama ya baba yake. Mafundi wakavutana na matakwa yake, matayarisho yakachukua muda, na kabla sarafu zake hazijaanza kutolewa akawa ameshaachia kiti, Desemba 1936, ili amwoe Wallis Simpson. Zikabaki sarafu za majaribio za kuhesabika kwa vidole. Afrika Mashariki haikuwa na shida hiyo. Senti zetu zilikuwa na tundu katikati, hazikuwa na pa kuweka uso wa mtu. Palikuwa na taji na jina tu. Viwanda vikachonga jina jipya na kuendelea na kazi, zikatoka senti tano na senti kumi kwa mamilioni. Mfalme ambaye Waingereza wenyewe hawakuwahi kutia sarafu yake mfukoni akawa anazunguka katika kila soko la Buganda.

Anayeanza kukusanya sarafu mjini hapa huuliza kwanza, "Ya mwaka gani?" Swali lina faida yake, ila halitoshi. Mjuzi huuliza ilifuliwa wapi, kwa kalibu ipi, na ngapi zimebaki baada ya serikali kuzikusanya na kuziyeyusha. Uganda imebadilisha fedha mara nyingi kiasi kwamba hilo la mwisho ndilo lenye uzito kuliko mengine yote.

Kauri tuzipitie haraka. Zilikuja kutoka pwani zikiwa zimetobolewa na kutungwa kwenye nyuzi, zikawa fedha ya Buganda kwa muda mrefu, lakini hakuna kalibu iliyozitengeneza na hakuna mnada unaozigombania. Zilichoacha ni mazoea ya kutunga fedha kwenye uzi, na mazoea hayo yalizifaa sana senti zenye tundu zilipofika.

Frederick Lugard alipoweka ngome yake juu ya kilima cha Old Kampala, Desemba 1890, Kampuni ya Imperial British East Africa iliyomtuma ilikuwa tayari na sarafu zake, zilizofuliwa kwa jina la Mombasa: pesa na rupia za 1888, kisha sehemu ndogondogo za rupia za 1890. Zilichorwa jua lenye taji na maneno ya Kiingereza yenye maana ya nuru na uhuru. Upande wa pili wa pesa kulikuwa na mizani ya haki. (Januari 1892 bunduki ya Maxim ya Lugard huyohuyo ilisaidia kuamua vita vya Mengo. Nuru, bila shaka.) Kwa mkusanyaji, pesa ile ya 1888 ndiyo darasa la kwanza, kwa sababu iko ya namna mbili. Nyingine zina herufi H, alama ya kiwanda cha Heaton cha Birmingham. Nyingine zina CM, alama ya kiwanda cha serikali cha Calcutta. Mchoro ni mmoja, mwaka ni mmoja, mikono ni miwili iliyo mbalimbali kwa bahari nzima.

Hapa inabidi kueleza kalibu ni kitu gani, maana bila hiyo yanayofuata yataonekana kama kiini macho. Kalibu ni kipande cha chuma kigumu kilichochongwa sura ya sarafu kinyumenyume. Zinahitajika mbili, ya juu na ya chini. Katikati huwekwa kipande kitupu cha madini, mashine hugonga, na sarafu hutoka na pande zake zote mbili kwa pigo moja. Kalibu moja hufua maelfu kwa maelfu, kisha huchakaa au kupasuka na kuletwa nyingine. Zikichongwa kwa mkono, kila moja inabeba mkono wa aliyeichonga. Hata mashine zilipoanza kunakili sura kutoka mhuri mkuu mmoja, mwaka na herufi ya kiwanda viliendelea kwa muda mrefu kugongwa na fundi kwa nyundo, tarakimu moja baada ya nyingine. Mkono ukiteleza, tarakimu inapata kivuli. Fundi akichukua kalibu ya mwaka uliopita na kugonga tarakimu mpya juu ya ile ya zamani, miaka miwili inaonekana mahali pamoja.

Kosa likishaingia kwenye kalibu, kila sarafu inayopita chini yake inalibeba. Hilo ndilo linalotenganisha aina ya kalibu na ajali ya mashine. Sarafu iliyogongwa kombo, nusu yake ikabaki tupu, ni ajali. Haitatokea nyingine iliyo sawasawa nayo. Sarafu yenye kivuli kilichotoka kwenye kalibu ina ndugu zake, na ndugu hao wanaweza kutafutwa, kuhesabiwa na kupangiwa bei. Mfano unaojulikana duniani kote ni senti ya Marekani ya 1955, iliyotoka kiwanda cha Philadelphia ikiwa na maandishi na mwaka vilivyojirudia waziwazi. Zilizofika mtaani zilikuwa kama elfu ishirini hivi, na sehemu yake iliwafikia watu kama chenji iliyobandikwa kwenye pakiti za sigara zilizouzwa na mashine. Leo iliyo nzuri hupita dola elfu moja. Na ile mizani ya alama 1 hadi 70 ambayo wapima sarafu wa dunia nzima wanaitumia kueleza ubora, William Sheldon aliitoa 1949 katika kitabu cha senti za kale za Marekani alizozipanga kwa kalibu, moja moja.

Kuna kivuli kingine cha bure, na watu wengi huliwa fedha hapo. Kalibu ikiwa imelegea kwenye mashine, hutikisika wakati wa kugonga na kuisukuma herufi pembeni kidogo, ikabaki na kingo bapa mfano wa ngazi. Huo ni mtikisiko tu. Hauna ndugu, hauna bei.

Turudi Uganda. Mkataba wa Buganda wa Machi 1900 uliweka kodi ya nyumba, rupia tatu kwa mwaka, na rupia tatu nyingine kwa mwenye bunduki. Rupia ilikuwa ya India, ikigawanyika kwa pesa 64, hesabu iliyowasumbua hata makarani. Miaka michache baadaye rupia ikagawanywa kwa senti 100, na sarafu mpya zikaja na jina refu la Himaya za Afrika Mashariki na Uganda. Senti ndogo kabisa zilifuliwa kwa alumini, 1907 na 1908, miongoni mwa sarafu za kwanza za alumini katika dola yote ya Uingereza. Wazo lilionekana zuri kwenye karatasi: madini mepesi, rahisi, yasiyoshika kutu. Hewa ya joto na unyevu na chumvi ya jasho haikusoma karatasi hiyo. Sarafu zikapauka, zikaota madoa, zikaliwa, na kufikia 1909 senti na nusu senti zilikuwa zimehamia kwenye mchanganyiko wa shaba na nikeli. Ndiyo maana senti ya alumini iliyobaki na uso laini, bila vidimbwi vya kuliwa, ni kitu cha kushika kwa ncha za vidole. Zilitengenezwa nyingi, zilizobaki nzuri ni habari nyingine.

Kisha vita, na hapo naomba msomaji avumilie tutoke Kampala kidogo, kwa sababu hakuna mahali Afrika Mashariki ambapo kalibu zimesimulia habari kama Tabora mwaka 1916.

Wajerumani wa Afrika Mashariki walikuwa wamezingirwa baharini. Meli za kuleta hela na rupia kutoka Berlin hazikuweza kupita, askari na wapagazi walitaka kulipwa, na noti za dharura zilizochapwa humuhumu nchini watu walizipokea shingo upande. Gavana Heinrich Schnee na serikali yake walikuwa Tabora, na Tabora ilikuwa na karakana ya reli. Mafundi wa reli, ambao kazi yao ilikuwa mabehewa na injini, wakageuzwa wafua sarafu. Walichukua shaba nyeupe na nyekundu iliyopatikana, yakiwemo maganda ya risasi za mizinga, wakafua hela tano na hela ishirini zenye taji, mwaka 1916 na herufi T ya Tabora.

Chuma cha kalibu zao hakikuwa cha kazi hiyo. Zilichakaa upesi, zikachongwa nyingine, na kila mchongaji alichonga alivyoweza. Ukiziweka hela ishirini mbili sambamba na kuzitazama kwa kioo cha kukuzia, unaanza kuona. Hii ina taji kubwa iliyojaa nafasi yake. Ile taji ndogo, imekaa kama kofia ya kuazima. Geuza upande wa pili, soma neno la Kijerumani la hela, tazama herufi L mbili zilizofuatana: katika kalibu moja ncha zake zimechongoka, katika nyingine zimejikunja, katika nyingine ya pili tu ndiyo iliyojikunja. Taji mbili, namna tatu za L, madini mawili; ukizichanganya unapata orodha ndefu, na wapo watu Ujerumani na Marekani waliotumia miaka kuzitafuta zote. Hela ishirini ya kawaida huuzwa kwa makumi ya dola, na michanganyiko adimu hupanda mara kadhaa. Nimewahi kukaa na mbili za aina hiyo mezani jioni nzima, taa imeinamishwa pembeni ili kivuli kiingie ndani ya herufi, na nakiri furaha yake ni ya kitoto: unamwona fundi wa karakana, jioni, anachonga L ya pili baada ya kuchoshwa na ya kwanza.

Karakana hiyohiyo ilifua dhahabu. Rupia kumi na tano, yenye tembo aliyeinua mkonga mbele ya mlima na tai wa Ujerumani upande wa pili, ilitokana na dhahabu ya mgodi wa Sekenke, na kalibu zake zilichongwa na sonara Msinhala kutoka Ceylon. Nayo ina aina mbili, zinazotambulikana kwa urembo wa upande wa kulia: katika moja unaishia chini ya herufi T ya jina la koloni, katika nyingine chini ya A inayoanza sehemu ya pili ya jina hilo. Ya kwanza zilifuliwa 9,803, ya pili 6,395. Leo zinauzwa kwa maelfu ya dola, na zimeigizwa sana, kwa vile kila mtu anampenda yule tembo.

Tabora ikaanguka mikononi mwa Wabelgiji Septemba 19, 1916. Nyuma ya jeshi lao walikuwepo maelfu ya wapagazi wa Uganda waliowabebea mizigo kutoka kaskazini, na wengi wao hawakurudi. Sarafu za Tabora zinazojitokeza mara mojamoja upande huu wa ziwa ziliweza kuja kwa njia nyingi, ikiwemo biashara ya baadaye na watalii. Ila mtu wa Kampala akiikuta moja katika mali ya babu yake, asiharakishe kudhani ilitoka dukani.

Baada ya vita ndipo tanuru lilipowaka kweli. Kabla ya 1914 rupia ilikuwa sawa na shilingi moja na peni nne za Uingereza, rupia kumi na tano kwa pauni. Madini ya fedha yakapanda bei duniani, rupia ikapanda nayo ikapita shilingi mbili, na walowezi wa Kenya, waliouza mazao yao kwa pauni na kulipa madeni na mishahara kwa rupia, wakapiga kelele. London ikaamua, mwaka 1920, rupia ishikwe kwenye shilingi mbili kamili, na sarafu mpya iitwe florini. Bodi ya Fedha ya Afrika Mashariki, iliyoundwa Desemba 1919 na kukaa London, ikaagiza florini na senti zake. Wino haujakauka, fedha ikaporomoka bei, na rupia ikashuka nayo huko India. Huku kwetu rupia bado ilikuwa na thamani ya shilingi mbili kwa amri, kwa hiyo wajanja wakaleta rupia za India kwa magunia kuja kuzibadilisha. Bodi ikaachana na florini. Mwaka 1921 ikatoka shilingi, mbili kwa florini moja, yenye simba amesimama mbele ya milima. Ndani ya miaka isiyozidi mitatu mwenye duka la Kampala, na mkulima wa pamba aliyekuja kumlipa, walihesabu kwa rupia, wakahesabu kwa florini, wakahesabu kwa shilingi. Ile shilingi ilikuwa na robo tu ya fedha halisi. Florini ilikuwa na nusu.

Sarafu za 1920 zilirudishwa kwa wingi. Zilizosalia ndizo moyo wa mkusanyo wowote wa Afrika Mashariki, na hapo tena herufi ndogo ndiyo inayosema. Kiwanda cha serikali cha London kilielemewa na kazi, kikawagawia watu binafsi. H ni Heaton. A ni Ackroyd & Best wa Morley, karibu na Leeds, watu waliojulikana zaidi kwa taa za wachimba migodi. Florini ya 1920 yenye A hupatikana kwa shida. Senti hamsini ya mwaka huo, ambayo juu yake imeandikwa pia kuwa ni shilingi moja, ni shida zaidi, kwa kuwa ilifuliwa kidogo na haikuwahi kuzunguka ipasavyo. Florini yenye tarehe ya 1921 ni ya kutafutwa kwa tochi. Mtu anaweza kuishi na kufa mkusanyaji asiishike.

Miaka ya 1930 inaleta sarafu nyingine ninayoipenda. Birmingham, 1936, kiwanda kilekile cha Heaton kilikuwa kinafua kwa pamoja senti kumi ya Afrika Mashariki na peni ya Afrika Magharibi ya Waingereza. Zote mbili ni kubwa, zote zina tundu, zote zina taji na jina la mfalme mpya. Mtu fulani akachukua kalibu ya kabati hili na kalibu ya kabati lile. Ikatoka sarafu chotara: upande mmoja wa senti yetu, upande wa pili nyota ya pembe sita ya peni ya Lagos na Accra. Vitabu vya orodha vinaihesabu kuwa peni, sarafu ya upande wa pili wa bara, na mkusanyaji wa Kampala anayezitafuta pembe mbili za ndovu zinazolizunguka tundu la senti ya Afrika Mashariki anaweza kuirudisha koponi akidhani ameshika ya kigeni.

Vita vya pili vikaongeza herufi. Njia za bahari hazikuwa salama, kazi ikapelekwa Bombay, iliyotia I, na Pretoria, iliyotia SA. Heaton na Kings Norton wakaendelea na H na KN zao. India ilipopata uhuru 1947, kalibu za George VI zikabidi kuchongwa upya, yale maneno ya Kilatini ya mfalme mkuu wa India yaondolewe. Shilingi ikapoteza fedha yake yote ikawa ya shaba na nikeli. Baada ya uhuru wa Uganda, Oktoba 1962, kulitokea kipindi cha ajabu kidogo: senti tano na senti kumi za 1964 hazina jina la mfalme wala malkia, wala la nchi yoyote huru. Ni Afrika Mashariki tu. Zilifuliwa nyingi na ni rahisi. Nani anazijali? Mimi, angalau.

Muungano wa fedha ukavunjika, na Agosti 15, 1966, miezi mitatu hivi baada ya jeshi la Rais Obote kuivamia Lubiri, kasri la mfalme wa Buganda, na Kabaka Mutesa II kukimbilia uhamishoni, Benki ya Uganda ikafungua milango, gavana wake wa kwanza akiwa Joseph Mubiru. Sarafu zake ni nzuri kuzitazama: senti tano, kumi na ishirini za shaba bila tundu, bado na pembe za ndovu, senti hamsini, shilingi moja na mbili zenye korongo wa taji mbele ya milima. Papa Paulo VI alipokuja Kampala, Julai 31, 1969, papa wa kwanza aliye madarakani kukanyaga Afrika kusini mwa Sahara, zilitolewa sarafu za fedha za shilingi 2 hadi 30 na za dhahabu kufikia shilingi 1,000. Zilitengenezwa kwa ajili ya masanduku ya wakusanyaji, si kwa soko la Nakasero. Bei zake hufuata zaidi bei ya madini, pamoja na sanduku na cheti chake.

Sarafu ya Uganda inayopaswa kumtoa mtu jasho ni ya shilingi tano ya 1972, ya shaba na nikeli, isiyo na mviringo kamili bali pembe kwenye ukingo. Ilifuliwa kwa mamilioni na kuingizwa kwenye vitabu. Kisha ikaondolewa. Mwaka huo Rais Idi Amin alitangaza, Agosti 4, kwamba Waasia waondoke ndani ya siku tisini; mwaka huo pia Mubiru, aliyekuwa gavana wa benki hadi mwaka uliotangulia, alitoweka, mmoja wa wengi. Shilingi tano ikarudi ilikotoka, na chache zilizoponyoka zimekuwa ufunguo wa seti nzima ya sarafu za matumizi za Uganda. Ni changa kuliko senti ya Edward kwa miaka 36, na inaizidi bei kwa mbali.

Hakuna tena tanuru la serikali lililohitajika baada ya hapo. Magendo na mfumuko wa bei vilifanya kazi hiyo. Sarafu za 1976 zilikuwa za chuma kilichopakwa shaba, au shaba na nikeli. Kufikia miaka ya 1980 thamani yake dukani ilikuwa haifiki thamani ya chuma chake. Mei 1987 shilingi mia moja za zamani zikawa moja mpya, asilimia 30 ikakatwa njiani kama ushuru, na sarafu mpya zenye mwaka huo nazo zikaishiwa nguvu upesi. Zilizoponea hapo ziliponea kwa kusahauliwa ndani ya sufuria kuukuu, chini ya mashine ya kushonea, kwenye mkufu wa mtoto.

Vibanda vya sanaa nyuma ya Ukumbi wa Taifa wa Maigizo ni mahali pazuri pa kuona zinapoishia. Mzee mmoja huko alinimwagia kopo zima juu ya kitambaa.

"Mzee wangu, hii ngapi?"

"Elfu tano, mwanangu. Hiyo ya Mfalme."

"Na hii?"

"Elfu tano."

"Mbona moja ya 1922 na nyingine ya 1964, bei moja?"

Akanitazama kama niliyeuliza mbona ndizi zote zimepinda. "Si zote zina tundu?"

Pembeni alikuwa na nusu ndimu na majivu, anazisugua mpaka zinang'aa kwa ajili ya wageni. Sikumzuia, biashara ni yake, ila sarafu iliyosuguliwa hivyo imekwisha kwa mkusanyaji. Uso wa asili ukitoka haurudi, na mpimaji ataiona mikwaruzo kabla hajaona mwaka. Asugue za kawaida, hakuna hasara. Nilichomwomba ni aziweke kando zenye A, za 1920, na zozote zenye pembe kwenye ukingo, azifunge kwa karatasi.

Wapo wenye bei za upande wa pili, wanaopita mitaani na picha kwenye simu wakisema sarafu ya 1966 inanunuliwa kwa mamilioni, na wewe utume ada kidogo ya usajili kwanza. Ni jamaa wa wale wanaochimba chini ya boma za zamani huko Tanzania wakitafuta mali ya Mjerumani. Anayenunua kweli hasemi ada. Anapima uzito, anataka picha za pande zote mbili bila mwako, na bei yake huitoa kwenye minada iliyokwisha fanyika, si kwenye bei zinazotajwa na wauzaji.

Kwa anayeanza bila mtaji, kazi iko kwenye chenji ya leo. Sarafu za shilingi 100 na 200 zilizotolewa 1998, zenye ng'ombe wa Ankole na samaki, ni za shaba na nikeli na hazinaswi na sumaku. Nyingi za miaka ya baadaye ni za chuma kilichopakwa nikeli, na zinanaswa. Tangu fedha za simu zilipoanza 2009 sarafu hutembea mikono michache zaidi, kwa hiyo nyingi bado ni safi. Sumaku ndogo ya kuchomoa kwenye spika mbovu inatosha, na kondakta wa teksi wa Old Taxi Park hatakataa ukimwomba akubadilishie noti ya elfu kumi kwa mfuko wake mzima wa sarafu.